Aliyesema Gundam Inasifu Vita Hakuitazama

Kwako Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu aliyetuasa, sisi wazazi na mababu, tuzizime katuni za Kijapani za roboti kwa kuwa, kwa maoni yake, zinawafundisha watoto kuvipenda vita. Sina ugomvi naye kuhusu nyingi ya katuni hizo. Nimeziona, na zipo ambazo makelele yake huanza na kwisha bila ya mtu kutamka neno la maana. Lakini miongoni mwa alizozitaja ilikuwamo Gundam, na nilipofika hapo nililiweka gazeti chini nikaomba karatasi, maana nina yakini kuwa hiyo hakuitazama.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Malindi, na habari za Gundam nisingezijua lau si mjukuu wangu aliyekuja likizo ya Desemba na flashi iliyojaa mfululizo wake wa kwanza, ule ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuonyeshwa Japani kuanzia tarehe 7 Aprili 1979 hadi 26 Januari 1980. Nilikaa naye sebuleni kwa nia ya kumchunga, wala si ya kutazama. Usiku wa tatu mimi ndiye niliyemwita aje aiwashe.

Mwaka katika hadithi ni 0079 wa kalenda mpya, iliyoanza kuhesabiwa tangu wanadamu walipoanza kuhamishiwa angani baada ya ardhi kulemewa na wingi wao. Huko wanaishi ndani ya makoloni yenye umbo la mche duara, yaani mfano wa pipa refu mno linalojizungusha, na watu hutembea juu ya ukuta wake wa ndani. Umbo hilo halikubuniwa na wachoraji wa katuni. Gerard O'Neill, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, ndiye aliyelipendekeza katika makala ya mwaka 1974 na kisha katika kitabu cha mwaka 1976, akaupa mche mkubwa upana wa kilomita 6.4 na urefu wa kilomita 32. Nilitwaa kalamu nikapiga hesabu: mche wa upana huo ukikamilisha mzunguko mmoja kwa kama sekunde 113, aliyesimama ndani yake atakuwa na uzito uleule alio nao hapa kwetu. Mjukuu wangu hakuvutiwa sana na hesabu hiyo, lakini mimi nilishinda na furaha siku nzima.

Wala sisi hatuna sababu ya kuyaona mambo ya angani kuwa ya wenyewe. Ni hapa Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini, iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Na kinachopanda huweza kushuka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya takriban kilo 500, upana wake mita 2.5, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na wanakijiji wakaogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Sasa mwandishi wetu na apige picha akilini: si pete, bali koloni zima la kilomita 32.

Maana hivyo ndivyo vita vya Gundam vinavyoanza. Makoloni yaliyo mbali kuliko yote, upande wa nyuma wa mwezi, yamejitangaza kuwa dola ya Zeon na kudai uhuru kutoka kwa Shirikisho la Dunia. Zeon inalitwaa koloni la watu wengine, inawaua wakazi wake kwa gesi, kisha inalisukuma lidondoke juu ya makao makuu ya jeshi la Shirikisho huko Amerika Kusini. Koloni linapasuka njiani, na kipande chake kikubwa kinaangukia Sydney. Katika muda uliozidi mwezi mmoja kwa siku chache tu, nusu ya wanadamu wote wamekwisha kufa. Msimulizi anayataja maangamizi hayo mwanzoni kabisa, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kabla hatujamjua mhusika hata mmoja. Ikiwa huko ndiko kuvisifu vita, basi sijui kuvilaumu kungekuwaje.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba Zeon ilikuwa na dai la haki. Watu walipelekwa mbali, wakajenga, wakazaa, na bado mambo yao yakawa yanaamuliwa na waliobaki kwenye ardhi. Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa uchungu wa namna hiyo. Jina la Zeon ni la mtu aliyelisema dai hilo kwanza, na alipofariki ukoo wa Zabi ukalitwaa jina lake na dai lake, ukavitumia vyote viwili kujitawaza. Si rahisi kumweleza kijana wa miaka 14 kwamba mtu huweza kuwa na madai ya kweli mkononi na damu ya wasio na hatia mkono wa pili. Hadithi hii ilimweleza kuliko nilivyoweza mimi.

Mwandishi wa safu alisema roboti ndizo zinazowavutia watoto. Ni kweli zinawavutia. Gundam yenyewe, yaani ile roboti iliyoupa mfululizo jina lake, ina urefu wa mita 18. Lakini ajiulize kwa nini watu wanaoweza kuishi angani wapigane kwa mashine zenye mikono na miguu. Watunzi walibuni chembe wanazoziita za Minovsky, ambazo zikitapakaa rada hupofuka na mawasiliano hukatika, hata mpiganaji hawezi tena kumwua adui asiyemwona kwa kubonyeza kidude akiwa mbali. Lazima amsogelee. Nilidhani kwanza kuwa hicho ni kisingizio tu cha kutuletea roboti, na pengine ndivyo kilivyokuwa, lakini kadiri nilivyoendelea kutazama ndivyo nilivyoona kwamba hadithi nzima inategemea kukutana huko.

Amuro Ray, anayeiendesha Gundam, ana miaka 15. Nahodha wa meli yao ya angani, ya upande wa Shirikisho, Bright Noa, ana miaka 19. Waliobaki ni wakimbizi na watoto waliojikuta melini kwa sababu askari waliofunzwa kazi hiyo wamekufa au wamejeruhiwa. Siku moja Amuro, akiwa amewatoroka wenzake kwa hasira za kitoto, anaingia mkahawani katika mji wa jangwani, na mara wanaingia askari wa Zeon na kamanda wao Ramba Ral. Mwanamke wa kamanda huyo anataka kumlipia kijana chakula, naye anakataa kwa kuwa yeye si ombaomba. Ral anacheka, anampenda kwa ajili ya jibu hilo. Hata anapogundua kuwa kijana ameficha bastola chini ya joho lake, anamwacha aende zake. Baadaye wanapigana, mashine kwa mashine, na wanapoonana sura kila mmoja anashtuka kumtambua mwenziwe. Ral hakai muda mrefu baada ya hapo, anakufa. Mjukuu wangu, aliyekuwa akimshangilia Amuro tangu mwanzo, hakushangilia.

Kuna na siku Amuro anayorudi kwa mama yake. Wazazi wetu wa Kiswahili wanajua mwana anavyopokewa akirudi kutoka safari, lakini huyu anakutwa kambini na askari wa Zeon wanaopekua, naye anampiga mmoja risasi mbele ya macho ya mama. Mama hamshukuru Mungu kwa mwanawe kunusurika. Anatetemeka kwamba mwanawe amempiga mtu risasi. Mtoto anamjibu kuwa hivi ni vita, na kwa upande wake hakosei. Mama naye hakosei. Wanaagana kwa saluti, na mama anabaki analia. Sisi tunaopakana na nchi iliyopigana miaka mingi, ambako watoto wa umri huo wameshikishwa bunduki kwa kweli, hatuwezi kuitazama sehemu hiyo kama mchezo.

Niruhusu, Mhariri, nirefushe kidogo kuhusu sehemu ya 15, kwa kuwa ina kisa chake. Nilizihesabu zile zilizokuwa ndani ya flashi nikapata 42, na mfululizo una sehemu 43. Kumbe hiyo iliachwa nje ya toleo la Marekani kwa matakwa ya Tomino mwenyewe, na kijana akaenda kuitafuta kwingine. Nilipoiona nilielewa sababu: michoro yake ni mibovu, roboti ya adui ina pua ndefu hata inachekesha. Hata hivyo, kwangu mimi hiyo ndiyo bora ya zote. Cucuruz Doan ni askari wa Zeon aliyetoroka jeshi, anaishi kisiwani na watoto mayatima, na waliowafanya mayatima ni yeye na wenzake. Bado anayo mashine yake ya vita, anaitumia kuwafukuza wanaowajia. Amuro anamwambia kuwa wanaomfuata wanavutwa na harufu ya vita iliyomganda, kisha anaibeba ile mashine kwa Gundam na kuitupa baharini. Doan hamzuii. Mwaka 2022 Yoshikazu Yasuhiko, aliyewachora wahusika wa mfululizo ule wa kwanza, aliirudia hadithi hiyo hiyo kuwa filamu nzima ya sinema, kwa hiyo naona si mimi peke yangu niliyeipenda.

Sitaki nionekane nimelewa mapenzi. Mfululizo huu ulidhaminiwa na kampuni ya vinyago, Clover, iliyotaka kuuza roboti kwa watoto wadogo, na watazamaji walipokuwa wachache ukakatwa kutoka sehemu 52 zilizokusudiwa. Uliokolewa baada ya kwisha, uliporudiwa kuonyeshwa na kampuni ya Bandai ilipoanza, mwaka 1980, kuuza vifaa vya plastiki ambavyo mtu hujiundia mwenyewe, na filamu tatu za sinema zikafuata mwaka 1981 na 1982. Tangu hapo biashara haijasimama. Kwa hiyo hadithi inayoombolezea silaha inaishi kwa kuuza sanamu za silaha hizohizo, na wapo vijana wanaovaa nembo ya Zeon kwa fahari kana kwamba lile koloni halikuanguka popote. Kama mwandishi wetu angelishika jambo hilo, ningekuwa upande wake. Yeye alishika lililo jepesi.

Ombi langu kwa vituo vyetu vya televisheni ni kwamba, badala ya kuzima, vitafute idhini ya kuutia mfululizo huu sauti za Kiswahili. Mazungumzo ya Amuro na mama yake yanahitaji kusikika kwa lugha ambayo mtoto huzungumza na mama yake mwenyewe. Mjukuu wangu alikuwa akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kunifasiria mbio mbio, nami nina hakika mengi yalipotea njiani, hasa pale alipoona haya kuyasema mbele yangu.

Mwandishi wa safu namkaribisha Malindi. Flashi nimeachiwa hadi Aprili, kahawa ipo, na tutaanza na sehemu ya 15.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Malindi