Kilo moja, pakiti 91: kupima bizari kwa kikombe bila kujipunja

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa mtaa wa Barani aliingia dukani kwetu, tunapouza vikombe vya kupimia na mizani, akatua kikapu juu ya kaunta na kutoa kikombe chekundu cha plastiki kilichokatwa mdomo kwa kisu. "Mwanangu," akaniambia, "kilo yangu yaliwa na nani?"

Mama huyu husaga bizari ya pilau, akaifunga kwenye pakiti za gramu 10 na kuuza kila moja shilingi 20. Kwa hesabu yake kilo moja impe pakiti 100. Mwezi mzima alikuwa akipata 91, siku nyingine 93, siku moja 88. Alishamshuku kijana wa mashine ya kusaga. Alishamshuku hata bintiye anayemsaidia kujaza, na nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Tulipopima pakiti zake moja moja tukaona hakuna mwizi. Kikombe kilikuwa kikitoa karibu gramu 11 badala ya 10. Pakiti tisa zilizopotea, kila moja shilingi 20, ni shilingi 180 katika kila kilo, zikienda kwa wateja ambao hata hawakujua wamepewa nyongeza.

Shida hii tunaiona kila mara hapa Malindi, na Ramadhani ikikaribia ndipo huzidi. Kikombe hupima nafasi, lakini pakiti inauzwa kwa uzito. Chukua kijiko cha chai cha mililita 5, ukijaze na kukisawazisha. Chumvi laini itakupa kama gramu 6, manjano gramu 3, mdalasini wa unga gramu 2.6, pilipili manga iliyosagwa gramu 2.3. Kijiko ni kile kile, mkono ni ule ule. Kwa hiyo anayeniuliza "mna kikombe cha gramu 10?" humjibu kwa swali: gramu 10 za nini?

Wazee wetu walilijua jambo hili mapema kuliko sisi wenye mizani za betri. Walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kinamwagika. Ile methali ya haba na haba haituambii ni kibaba kipi kilichojazwa, nami nahisi aliyeitunga alikuwa muuzaji. Hata leo zaka ya fitri hutajwa kwa pishi, yaani vibaba vinne, na kila mwaka utasikia mmoja akisema ni kilo 2.5 na mwingine akisema 3. Ajabu iko wapi? Pishi ya mchele na pishi ya tende hazina uzito mmoja.

Tukirudi kwa mama wa Barani: bizari yake ilikuwa ni ile ile siku zote, sasa mbona hesabu zilikuwa zikipanda na kushuka? Nilimwomba ajaze kikombe mara tatu mbele yangu. Mara ya kwanza alimimina unga polepole kwa kijiko, akapitisha kisu juu: gramu 9.7. Mara ya pili alikizamisha kikombe kwenye ndoo na kukivuta juu, kama anavyofanya kila siku: 10.9. Mara ya tatu alikizamisha, akakigongagonga juu ya kaunta, akaongeza kidogo: 11.8. Alicheka, akasema hiyo ya tatu ndiyo ya bintiye, yeye hupenda kugonga.

Unga una hewa ndani yake. Ukigongwa hewa hutoka, chembe hukaribiana, na nafasi ile ile humeza unga zaidi. Unga uliotoka mashineni saa hiyo ni wa moto na umeumuka. Ukilala usiku mmoja kwenye ndoo hushuka. Ndiyo maana kikombe ulichokiweka sawa jioni, unga ukiwa umetoka kusagwa, kesho asubuhi kitakupunja. Ushauri wetu ni kuuacha unga upoe na utulie mpaka kesho yake, uukoroge kidogo kwa mwiko, ndipo upime. Usiweke chombo chenye joto juu ya mizani ndogo pia. Hewa ya moto inayopanda kando yake huyumbisha namba.

Sasa kuchagua chombo. Kwa mtu wa pakiti mia mbili au tatu kwa siku, kikombe cha chuma kisichopata kutu kinatosha. Kiwe na mdomo ulionyooka, na mkono mrefu ili vidole visiingie kwenye unga. Kipana na kifupi ni kibaya, kwa sababu kosa dogo la kusawazisha juu huwa kosa kubwa la uzito. Chembamba na kirefu kidogo ni afadhali. Plastiki siipendi. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, unga hujibandika ubavuni na hautoki wote. Na karafuu ya unga ni adui wa plastiki ya bei rahisi, ile ngumu inayong'aa: mafuta yake huila mpaka ikafifia.

Wa pakiti elfu moja kwenda juu huja kuulizia mashine ya mkono. Juu ina faneli ya kutilia unga, katikati ngoma yenye kishimo, ubavuni skrubu ya kuongeza au kupunguza kina cha kishimo, na mkono wa kuzungusha. Ukizungusha huku kishimo hujaa, ukirudisha kinamwaga pakitini. Ni kifaa kizuri, lakini wengi hukilaumu bure. Kina masharti yake. Unga kwenye faneli usishuke chini ya nusu, maana uzito wa unga ulio juu ndio unaosukuma wa chini ujaze kishimo, na ukipungua, pakiti nazo hupungua. Mkono uzungushwe kwa mwendo mmoja, usisimame nusu njia ukamjibu mteja. Pakiti tano au sita za mwanzo zirudishwe juu, maana unga ulikuwa bado haujatulia.

Halafu si kila unga huikubali. Chumvi, sukari na pilipili manga iliyosagwa chengachenga hushuka kama mchanga. Mdalasini uliosagwa laini sana hujenga pango ndani ya faneli: juu waona umejaa, chini ngoma inazunguka tupu. Karafuu hunata. Kwa hizi mbili nakwambia wazi baki na kikombe, hata kama ningependa kukuuzia mashine.

Ukinunua chombo chochote kati ya hivi bila mizani, umenunua nusu. Hapa ndipo watu hubania pesa. Nami nina kosa langu: miaka ya nyuma nilimuuzia mtu wa Mambrui mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima, nikijua anajaza pakiti za gramu 10. Mizani hiyo ikikuonyesha 10, ukweli unaweza kuwa 9.6 au 10.4 na isikwambie. Kwa pakiti za gramu 10 chukua inayosoma gramu 0.1 au chini ya hapo. Za gramu 100 na kilo ni kazi nyingine, hapo hata ile ya gramu 1 si mbaya.

Nunua na jiwe la mizani la kuihakikishia. Kuna muuzaji wa ng'ambo aliyetuletea mizani nzuri ya elektroniki. Tulipoweka jiwe la kilo 1 ikasoma gramu 997. Tukadhani mbovu. Kumbe mizani ya namna hii husikia mvuto wa ardhi, na mvuto haulingani kila mahali: hapa karibu na Ikweta ni mdogo kuliko London kwa kama asilimia 0.3. Ilirekebishwa kwao, ikaletwa kwetu. Ukiweka jiwe na kubonyeza kitufe cha kurekebisha, kwisha. Mizani ya sahani mbili haina ugonjwa huo, maana jiwe na bizari huvutwa sawasawa, lakini nani siku hizi ana subira nayo?

Weka mizani mahali palipo sawa, mbali na mlango, na uzime feni unapopima. Najua joto la Malindi, lakini feni huifanya mizani ya gramu 0.01 icheze kama dau kwenye mawimbi.

Kukiweka kikombe sawa tunafanya hivi. Jaza mara kumi kwa mkono wako wa kawaida, na kila mara upime na kuandika. Usipime zote kumi kwa pamoja ukagawanya, watu hujidanganya hapo. Jumla ya gramu 100 inaweza kuficha pakiti ya 8.5 na nyingine ya 11.5, na mwenye kupata ya 8.5 hatajali wastani wako. Zikiwa karibu karibu lakini zote juu, kikombe ni kikubwa. Tutakipunguza kwa tupa hapa hapa dukani. Zikiwa zimetawanyika, kikombe hakina kosa, ni mkono, na mkono haupigwi tupa. Ukishaanza kazi, pima pakiti moja katika kila ishirini. Anayejaza awe mmoja siku nzima, mwingine afunge.

Mvua za masika zikianza, rudia yote tangu mwanzo. Unyevu wa bahari huingia kwenye unga, chumvi hugandana, bizari huwa mabonge, na kikombe cha mwezi wa pili si cha mwezi wa tano. Ndoo yenye kifuniko kinachokaza husaidia, na usiuchote unga kwa kijiko kilichotoka kuoshwa.

Mwisho ni hili la muhuri. Chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura 513, mizani unayouzia ni lazima ihakikiwe na kupigwa muhuri na wakaguzi, na hilo hurudiwa. Mizani nyingi ndogo za jikoni hazikubaliki kwa biashara, hata ziwe sahihi vipi. Zifanye za kujiangalizia, na ile yenye muhuri iwe ya mauzo. Pakiti nayo iandikwe uzito wa kilichomo ndani, bila kuhesabu karatasi. Gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi mlangoni, halina muhuri wowote, tusidanganyane.

Ukija tukuwekee kikombe, njoo na nusu kilo ya unga wako mwenyewe, uliolala usiku mmoja. Usije na wa jirani, na usiniambie "weka tu wa hapo dukani". Na anayejaza aje naye, hata kama ni binti wa kugonga. Ijumaa tunafunga saa sita unusu, tunafungua tena saa nane.