Kageha, hiyo kalenda usiichome

Mwanangu Kageha,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa nje chini ya mparachichi. Mama yako alikuwa anachambua maharagwe, akaniuliza, "Mtoto anasemaje?" Nikashindwa kumjibu. Kwamba wazee wa kanisani kwenu wameikataa kalenda uliyowatengenezea vijana, kwamba ukurasa wa mwezi na upanzi wameuita uganga, kwamba nakala zimefungiwa kabatini na ufunguo anao mmoja wao. Hilo limeniuma kama baba, tena kama mtu aliyekula jasho la uchapishaji maisha yake yote. Lakini lililoninyima usingizi ni ile sentensi yako ya mwisho: utazichoma zilizobaki kwako, kisha utoe kijitabu umtaje kila mzee na dhambi yake.

Kabla hujakitoa, nikusimulie habari za mtu mmoja.

Sisi Marafiki wa huku, ambao wengine wanatuita Quaker, tumezoea kuanza historia yetu Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Ipo ya zamani zaidi ambayo Jumapili hatusimuliwi. Mwaka 1681 mfalme wa Uingereza alimpa Rafiki mmoja, William Penn, nchi nzima huko Amerika, ndiyo Pennsylvania. Ng'ambo ya mto Delaware kulikuwa na West Jersey, nayo imejaa Marafiki, na mji wao ulikuwa Burlington. Watu hawa Uingereza walikuwa wamefungwa, wamechapwa viboko, wamenyang'anywa ng'ombe kwa sababu ya imani. Sasa wakawa ndio serikali. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Burlington aliishi Daniel Leeds, mkulima na mpima ardhi. Mwaka 1687 alitoa almanaka yake ya kwanza, ikachapwa na Rafiki mwenzake, William Bradford. Almanaka ni kalenda, lakini kalenda iliyoshiba: mwezi unaandama lini na unapevuka lini, maji yanajaa saa ngapi, mahakama inakaa siku gani. Mkulima aliyekuwa na Biblia na almanaka alijihesabu kuwa na maktaba.

Na wazee wakamkasirikia. Walichokasirikia ni majina na alama. Unajua Marafiki wa zamani walikataa kutaja Januari au Machi kwa kuwa ni majina ya miungu ya Warumi. Wakahesabu: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, siku ya kwanza, siku ya pili. Nilipolisoma hilo nilifurahi peke yangu kama mtoto, kwa sababu mama yako hajawahi kusema "Machi" katika maisha yake. Husema "mwezi wa tatu", na keshokutwa ni Jumatatu. Tofauti ni kwamba mwezi wa kwanza wa Marafiki wale ulikuwa Machi, mpaka Uingereza ilipobadilisha kalenda yake mwaka 1752. Leeds basi aliweka ndani ya kurasa zake buruji kumi na mbili, yaani alama za nyota, na lugha ya wanajimu, na wazee wakaona upagani umeingia kwa mlango wa nyuma.

Tena haikuwa mara ya kwanza kalenda kuwatia homa wakubwa. Almanaka ya kwanza kabisa kuchapwa Philadelphia, ya Samuel Atkins, Bradford huyo huyo ndiye aliyeichapa mwaka 1685. Ndani yake Penn aliitwa "Lord Penn", yaani Bwana mkubwa, na Marafiki hawapeani vyeo. Baraza la koloni likaamuru maneno hayo yafutwe, na Bradford akaonywa asichape kitu bila ruhusa.

Leeds aliomba radhi mbele ya mkutano wa Burlington, yaani kanisa la Marafiki wa huko. Kageha, hapa nataka usome polepole. Mtu alisimama, akasema nimekosea. Na bado nakala zilizobaki zikakusanywa ziharibiwe.

Mimi nimepanga herufi za risasi kwa mkono kabla kompyuta hazijaja. Unazichomoa kwenye kasha moja moja, unazisoma kinyumenyume, kichwa chini, vidole vinageuka vyeusi mpaka sabuni inakata tamaa. Ukurasa wa tarakimu ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu neno likikosewa jicho linashtuka, lakini 6 ikikaa pa 9 hakuna anayeiona mpaka kazi imetoka. Kalenda ni tarakimu tupu. Kwa hiyo najua kilichoharibiwa siku ile. Ni macho ya mtu, ni usiku wake. Wazee wale walikosa, na waliokufungia kabati nao wamekosa. Sikuandikii ili niwatetee.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1688 Leeds alitoa kitabu kikubwa chenye mafumbo ya dini ya Jacob Boehme, Mjerumani ambaye wazee hawakumtaka. Miaka michache baadaye ukazuka ugomvi mkubwa zaidi. George Keith, Mskoti, mwalimu mkuu wa shule ya Marafiki huko Philadelphia, alisema wahubiri wanaisifu sana Nuru ya ndani, ile Marafiki wanayoamini Mungu ameiweka moyoni mwa kila mtu, hata wanamsahau Kristo aliyezaliwa na kusulubiwa. Hoja nzito ile, watu wangeweza kukaa chini wakaijadili mwaka mzima. Badala yake yakaanza matusi. Mwaka 1692 Keith akatengwa, na Bradford akakamatwa kwa kuchapa kijitabu chake na vifaa vyake vikachukuliwa. Husimuliwa kwamba kwenye kesi, fremu ya herufi ililetwa kama ushahidi, mzee mmoja wa baraza la kesi akaigusa kwa fimbo yake, na herufi zote zikamwagika sakafuni. Ushahidi ukaisha hapo hapo. Mwaka uliofuata Bradford akahamia New York.

Huko New York, mwaka 1693, alichapa karatasi ndogo ya kundi la Keith ambayo mimi naiona bora kuliko vitabu vyao vyote. Iliwaambia Marafiki wasinunue watu weusi wala kuwashika utumwani, ila kuwanunua ili wawaache huru. Ndilo andiko la kwanza kuchapwa dhidi ya utumwa katika makoloni yale. Miaka mitano nyuma, Marafiki wanne wa Germantown walikuwa wameandika malalamiko kama hayo kwa mkono, yakapandishwa kutoka mkutano wa mwezi, wa mtaani, hadi mkutano wa mwaka, wa eneo zima, yakalazwa huko. Hii sasa ilikuwa imechapwa, mtu yeyote angeweza kuishika. Lakini nani aisikilize? Ilitoka mkononi mwa waliotengwa. Ukisema neno la kweli baada ya kumtukana mtu miaka miwili, yeye anasikia tusi la tatu. Mkutano wa Philadelphia ulingoja hadi 1758 ndipo ukaanza kuwabana wanunuzi wa watumwa, na hadi 1776 ndipo ukakataza kabisa Rafiki kumiliki mtu. Hesabu mwenyewe tangu 1693. Ni miaka 83. Watu wangapi walizaliwa na kufa kwenye minyororo ndani ya nyumba zilizoanza siku kwa sala ya kimya?

Nafikiri kosa ni la pande zote mbili, na ndiyo sababu nakuandikia wewe, kwa kuwa wazee wenu hawanisikilizi mimi.

Leeds naye aliandamana na hasira hiyo. Mwaka 1697 akatoa kitabu kizima cha kuwashambulia Marafiki. Mwaka 1700 Caleb Pusey akamjibu kwa kijitabu ambacho jina lake tu linamwita mtangulizi wa Shetani. Wakajibizana miaka na miaka. Almanaka aliendelea kuitoa, na mwanawe Titan akairithi pamoja na uadui. Titan ndiye ambaye Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, alimtabiria kifo katika almanaka yake mwenyewe ya 1733 ili auze zaidi, kisha akaendelea kumwita marehemu angali hai, hadi alipokufa kweli mwaka 1738. Na katika misitu ya New Jersey watu wakaja kusimulia habari za zimwi lenye mabawa, mtoto wa mama Leeds, wakaliita Shetani wa Leeds. Wapo wanahistoria wanaosema mbegu ya hadithi hiyo ni ule ugomvi wa kalenda. Mtu alipima mashamba, akahesabu miezi kwa ajili ya wakulima wenzake, na jina la ukoo wake limebaki kwenye zimwi.

Kijitabu chako sitakukataza kukiandika. Wewe ni mtu mzima. Ila andika kwanza kuhusu ule ukurasa wenyewe: kwa nini uliweka mwezi, nani alikufundisha, bibi yako alipanda maharagwe akiangalia nini na aliomba kwanza kabla ya kushika jembe. Wapelekee wazee hilo bila jina la mtu hata mmoja. Wakilikataa, wamekataa hoja, na kila kijana kanisani ataona ni nini kilichokataliwa. Ukianza na dhambi za mzee fulani, hakuna atakayeukumbuka mwezi.

Zile zilizobaki kwako niwekee kumi. Moja naitundika hapa mlangoni, palipokuwa na ile ya duka la mbolea. Nimekwisha kung'oa msumari wa zamani nikapigilia mwingine, na mama yako anataka kujua kama mwezi wa tatu umeandika mvua itaanza kabla au baada ya mwezi kuandama, maana mbegu ziko tayari kwenye debe.

Wako,
Baba