Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Sera na Utawala wa Mabadiliko ya Tabianchi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa,
Wahitimu wenzetu,

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na furaha yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa unatoka upande wa hazina na mipango. Kila somo la mafunzo haya, liwe la misitu, maji, nishati au afya, lilitufikisha mwishowe kwenye mlango wa wizara ya fedha. Kwa hiyo tutasema wazi yale tuliyotamani kuyasema mlangoni hapo.

Nchi zinazoendelea hazina uhaba wa sera za tabianchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulipitishwa mwaka 1992. Mkataba wa Paris ulifuata tarehe 12 Desemba 2015 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2016. Chini yake kila nchi mwanachama hutoa Mchango wa Taifa, yaani ahadi yake ya kupunguza gesijoto zinazopasha dunia na ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na kuupitia upya kila baada ya miaka 5. Juu ya hapo ipo mikakati, mipango ya taifa ya kuhimili na miongozo ya kisekta. Kinachokosekana ni kasma: namba ya fungu ambalo fedha zake zinaweza kutolewa, na jina la cheo cha anayewajibika zisipotolewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sera pekee haimbani mtu. Ushahidi tunao kutoka Pakistani. Nchi hiyo ilikuwa na sera ya tabianchi ya mwaka 2012 na mfumo wa utekelezaji wa 2014 hadi 2030. Mwaka 2015 mkulima mmoja aliishtaki serikali kwa kutoitekeleza. Mahakama Kuu ya Lahore haikuagiza iandikwe sera mpya. Iliagiza kila wizara husika imteue mtu mmoja wa kuwajibika, ilete orodha ya hatua za kutekelezwa ifikapo tarehe 31 Desemba 2015, na ikaunda tume ya kufuatilia. Mtu, orodha na tarehe ni mambo ambayo sheria nzuri ingeyaweka tangu mwanzo, bila mkulima kulazimika kwenda mahakamani.

Kenya ilitunga sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2016 na kuunda baraza linaloongozwa na Rais. Uganda na Nigeria zilitunga zao mwaka 2021, na Afrika Kusini mwaka 2024. Kiti cha mwenyekiti kina uzito, lakini tunaona sekretarieti ndiyo inayoamua kama baraza litafanya kazi. Dawati la tabianchi likiwekwa ndani ya wizara ya mazingira, barua zake kwa wizara ya nishati au ujenzi hupokelewa kama barua za jirani: husomwa kwa heshima na kuwekwa jaladani. Sheria inayofaa huitaja wizara kwa wizara, humtaja katibu wake mkuu kuwa mwajibikaji, huweka mwezi wa kutoa taarifa, na huipeleka taarifa hiyo bungeni.

Sasa tuingie kwenye bajeti, ambako ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi.

Kalenda ya bajeti haimsubiri mtu. Hazina hutoa mwongozo na ukomo wa kila wizara, yaani kiwango cha juu cha fedha inachoweza kupanga. Wizara hugawa ukomo huo kwa idara zake, idara hurudisha rasimu, mabishano hufanyika, kisha makadirio huenda bungeni. Mara nyingi mratibu wa tabianchi huitwa mezani wakati idara zimeshagawana ukomo. Anachoweza kupata hapo ni fedha za semina na vipeperushi. Ndiyo maana ukifungua bajeti nyingi utakuta tabianchi kwenye warsha, na huikuti kwenye usanifu wa daraja. Aya moja ndani ya mwongozo wa bajeti, inayoitaka kila wizara ioneshe kasma zake za kuhimili na za kupunguza gesijoto kabla ya kugawa ukomo, ina nguvu kuliko sera ya kurasa 100. Rasimu isiyo na jedwali hilo irudishwe ilikotoka.

Nchi kadhaa zimeanza kuziwekea kasma alama za tabianchi, yaani namba inayoonesha fedha zipi ni za tabianchi. Nepal ilitangulia, ikianza mwaka 2012. Ni hatua njema, ila kuna kosa linalorudiwa. Tuseme kalavati lililosanifiwa kwa mafuriko yanayotazamiwa mara moja katika miaka 10 linagharimu 100, na lililosanifiwa kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 50 linagharimu 130. Kinachostahili alama ya tabianchi ni ile nyongeza ya 30. Wizara ikiandika 130 yote, taarifa ya mwaka itapendeza, lakini siku nchi itakapokwenda kuomba msaada wa nje itaulizwa pengo liko wapi, na vitabu vyake vyenyewe vitajibu kwamba halipo.

Kosa la pili ni kuweka alama kwenye makadirio na kuishia hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, lakini limeandikwa ahadi tu. Alama lazima iifuate fedha hadi inapotolewa, inapotumika na inapokaguliwa. Mfumo wa malipo ukikosa sehemu ya namba hiyo ya alama, mhasibu wa wilaya hataijaza, na mkaguzi mkuu wa hesabu hatakuwa na cha kukagua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kasma ya matengenezo ndiyo inayotuuma kuliko zote. Mradi hununua vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha na kuvisimika kwa fedha za maendeleo. Baada ya hapo kila kituo kinahitaji betri mpya, kusafishwa kipima mvua kisizibwe na majani na wadudu, kuhakikiwa kwa vihisio na salio la kutumia data. Ni fedha ndogo, lakini ni matumizi ya kawaida, na mradi ukifungwa hakuna idara iliyoziweka kwenye bajeti yake. Kituo kinanyamaza. Tatizo haliishii hapo, kwa sababu wastani wa tabianchi hukokotolewa kwa kumbukumbu za miaka 30, na pengo la miaka michache huharibu mfululizo wote. Baadaye nchi inapoandika andiko la mradi, haina namba za kuthibitisha kwamba mvua imebadilika. Betri ambayo haikununuliwa inakuwa sababu ya kukosa mamilioni.

Kuhusu fedha za nje, ahadi ya nchi tajiri iliyotolewa Copenhagen mwaka 2009 ilikuwa dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Baku, mwaka 2024, lengo jipya liliwekwa kuwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kwetu sisi kufikisha fedha za kuhimili kama mkopo kwa nchi ambayo haikusababisha tatizo ni jambo la kuendelea kulipigania. Hata hivyo, kazi ya ndani hatuwezi kumsukumia mtu mwingine.

Njia ya kuufikia Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaofadhili miradi ya tabianchi katika nchi zinazoendelea na wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, ina hatua zinazojulikana. Nchi huteua mamlaka ya taifa ya kushughulika na Mfuko. Mradi hupitia taasisi yenye ithibati, yaani iliyopimwa na kukubaliwa na Mfuko, iwe ya kitaifa, ya kikanda au ya kimataifa. Huandaliwa dokezo, kisha andiko kamili, upembuzi yakinifu, tathmini ya athari za kimazingira na kijamii na mpango wa jinsia. Mamlaka ya taifa hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na Bodi huamua. Safari hii huweza kupita mwaka mmoja, hata miwili.

Maandiko hukwama mahali pamoja mara nyingi: yanaeleza umaskini vizuri na tabianchi vibaya. Mfuko unataka mnyororo kamili: hatari ipi imebadilika, kwa kiasi gani, inamdhuru nani, na hatua inayopendekezwa inaipunguzaje. Kusema tu kwamba wananchi wanahitaji visima hakutoshi, hata kama ni kweli tupu.

Ithibati nayo inahitaji maandalizi ya mapema. Taasisi ya kitaifa inayoitaka hupimwa kwa mambo ya ofisi ya kila siku: hesabu zilizokaguliwa, ukaguzi wa ndani unaojitegemea, utaratibu wa manunuzi, ulinzi wa watoa taarifa za ufisadi, na mahali ambapo mwananchi aliyeathiriwa na mradi anaweza kulalamika na kujibiwa. Hati za mambo hayo zikiwa zimeandikwa wiki ya kuomba, watathmini hugundua, kwa sababu huomba mifano ya jinsi zilivyotumika.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizopigwa na majanga ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023. Nchi inayotaka kuutumia ijiandae kwa kumbukumbu: tarehe ya tukio, idadi ya kaya, hekta, urefu wa barabara na bei ya kurejesha kila kimoja, zikusanywe ndani ya siku chache kwa fomu ile ile kila mahali. Makadirio ya jumla yanayofanywa miezi baadaye hayaaminiki.

Taarifa za uwazi, ambamo nchi hueleza gesijoto inazozalisha na utekelezaji wa ahadi zake, hudaiwa kila baada ya miaka 2. Za kwanza zilitakiwa ifikapo tarehe 31 Desemba 2024, nazo zina udhaifu wa namna hiyo. Mshauri huajiriwa, hukusanya takwimu za nishati, kilimo, misitu, viwanda na taka, taarifa hupelekwa, na majedwali ya ukokotoaji huondoka naye. Awamu inayofuata huanza upya. Dawa ni hati ya makubaliano kati ya wizara na ofisi ya takwimu inayotaja takwimu zipi, kwa muundo gani na mwezi upi, pamoja na sharti la mkataba kwamba malipo ya mwisho ya mshauri hayatoki mpaka majedwali yakabidhiwe na watumishi wawili waoneshe kwamba wanaweza kuyaendesha.

Biashara ya kaboni tuiseme kwa kifupi. Nchi ikiidhinisha punguzo la gesijoto liuzwe kwa nchi nyingine chini ya Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, haiwezi tena kulihesabu kwenye lengo lake. Ikiuza mapunguzo rahisi, itabaki na magumu na ghali ya kutimizia ahadi yake. Barua ya idhini isitolewe kabla ya hesabu hiyo kufanywa. Na mgao wa wananchi uandikwe kwenye sheria, kama Kenya ilivyofanya kwa marekebisho ya mwaka 2023, ambayo huitaka miradi ya ardhi kuipa jamii walau asilimia 40 ya mapato.

Ngazi ya chini ndiyo inayobeba mzigo. Sera ya Nepal ya mwaka 2011 ilielekeza walau asilimia 80 ya fedha za tabianchi zifike huko. Asilimia ni nzuri kwenye karatasi, ila kamati ya wananchi inahitaji vitu vitatu ili izitumie: akaunti, fundi wa kukagua usanifu, na ukomo unaojulikana kabla ya kupanga. Kamati inayopanga bila kujua ukomo huandika orodha ya matamanio, halmashauri huikata kwa vigezo vyake, na mwaka unaofuata wananchi hawaji kikaoni. Hatuwalaumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Mwongozo ujao wa bajeti uwe na aya ya tabianchi yenye jedwali la kujazwa. Mfumo wa malipo uongezewe sehemu ya alama. Hakuna mradi wa vifaa usainiwe bila wizara inayopokea kuonesha kasma ya matengenezo ya mwaka wa kwanza baada ya mradi kufungwa. Na wahitimu hawa 34 wapangiwe kazi katika idara za mipango na bajeti za wizara za kisekta, mahali ambapo ukomo hugawanywa, na wafike kabla haujagawanywa.

Tumeambatisha rasimu ya aya hiyo na jedwali lake, kurasa 2, ili wataalamu wako waanze kuzikosoa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Mafunzo ya Sera na Utawala wa Mabadiliko ya Tabianchi