Springi za shaba zinatosha kugeuza wimbi, ila zipimwe ipasavyo

Mhariri,

Metamateria (maada zilizoundwa kwa vipande vidogo ili ziathiri mawimbi) zinazozungusha polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtikisiko, ya mawimbi ya sumakuumeme huandikwa kana kwamba hazifanyiki bila maabara ya mabilioni. Mwaka 1898 Jagadis Chandra Bose wa Kalkuta alitumia mafungu ya juti iliyosokotwa: msokoto wa kulia uligeuza wimbi upande mmoja, wa kushoto upande wa pili. Baadaye, mwaka 1914, Karl Lindman wa Finland akatumia springi za shaba zilizoviringwa pamba.

Shule yenye kifaa cha maikrowevu cha gigahezi 10.5 inaweza kufanya vivyo hivyo. Wimbi lake lina urefu wa milimita 28.6, kwa hiyo kata waya wa shaba uliopakwa laki (rangi ya kuhami umeme) vipande vya milimita 14 hivi, karibu nusu wimbi. Viringa kila kipande kwenye kijiti cha milimita 3, kisha vuta ncha ziachane. Usiruke hatua hiyo: pete bapa haina kulia wala kushoto, na waya ulionyooka hali kadhalika. Msokoto huulazimisha umeme uende mbele huku ukizunguka, ndiyo maana wimbi linalozunguka kulia na linalozunguka kushoto hupita kwa kasi tofauti. Tofauti ya awamu zao, yaani jinsi moja linavyochelewa nyuma ya jingine kwa digrii, ukiigawa kwa mbili, ndiyo pembe ya mgeuko.

Chomeka springi zikielekea pande zote ndani ya sanduku la stairofomu ya kufungashia televisheni, zisigusane. Zungusha antena ya kupokea hadi usomaji ushuke chini kabisa. Usomaji ukiwa kileleni, mgeuko wa digrii chache hauonekani. Ongeza tabaka mojamoja, maana digrii 100 kulia na 80 kushoto husomeka sawa.

Kosa kubwa liko hapa: hata nyaya zilizolala kimshazari hugeuza wimbi. Zungusha sanduku digrii 90 likiwa bado linatazama antena. Pembe ikibadilika, springi zimelala upande mmoja. Kisha ligeuze nyuma mbele; mgeuko ubaki uleule, kwani springi ya kulia ni ya kulia hata ukiitazama kwa nyuma. Weka za kushoto, nao ugeukie upande wa pili. Usomaji wa chini usipokaribia sifuri, wimbi limekuwa la duaradufu, yaani halitikisiki tena kwenye mstari mmoja: uko karibu mno na masafa ambayo springi hufyonza zaidi wimbi la mzunguko mmoja, wa kulia au wa kushoto. Punguza waya milimita moja.

Nanyi gazetini, mkiandika kwamba kifaa fulani kimegeuza wimbi digrii 90, tafadhali tajeni pia masafa, unene wake na nguvu iliyopotea njiani.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro