Mdalasini wa kufukiza

Kwako Zuhura, mwandani wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umeanza kuchanganya buhuri, yaani vitu vya kufukiza, kwa mkono wako. Unauliza kwa nini ukitia mdalasini chumba kinanuka ukuni ulioungua.

Ni moto, Zuhura. Ubani ni utomvu: ukiguswa na joto unayeyuka na kutoa harufu yake. Mdalasini ni gome, na gome likilala juu ya kaa jekundu linaungua tu. Harufu imo kwenye mafuta yake, na moto ukiwa mpole mafuta hayo hupanda kabla gome halijaungua. Basi lifunike kaa kwa jivu mpaka wekundu upotee, ndipo uweke unga wako juu ya jivu. Moshi ukiwa mwembamba, hapo umepatia. Ukitoka mzito na mkali, ongeza jivu.

Unga wa dukani achana nao. Ukishasagwa harufu huanza kuondoka, na hujui umekaa koponi tangu lini. Nunua magome. Yale ya Sri Lanka ni maganda membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja, yanavunjika kwa vidole, na harufu yake ni tamu na laini. Ya Kichina ni ganda moja nene, gumu, lenye ukali. Wajuzi wengi huyadharau haya ya pili, lakini kwenye buhuri yenye manemane mimi nayachagua hayo, kwa kuwa harufu ya yale laini humezwa na ya manemane, hutaisikia kabisa.

Twanga, kisha chekecha kwa chekeche la matundu madogo sana. Kitabaki kitu kama nywele fupi za kahawia. Usikirudishe kinuni hata ukiona hasara, maana hizo ni nyuzi za mti, nazo ndizo zinazonuka ukuni kuliko kitu kingine. Ubani utwange peke yake. Uweke kwanza kwenye friji sehemu ya barafu, utavunjika vizuri bila kunata kwenye mchi. Changanya, kanda kwa asali kidogo, fanya vidonge, anika kivulini.

Kipimo changu ni sehemu moja ya mdalasini kwa kumi za ubani. Ukizidisha, moshi unachoma macho na koo. Kukiwa na mwenye pumu ndani, usifukize kabisa.

Na lile ulilosikia, kwamba mdalasini umo kwenye uvumba wa Musa: soma kitabu cha Kutoka katika Biblia, sura ya 30. Shekeli 250 (kipimo cha uzito cha kale) za mdalasini zimo kwenye mafuta ya kupaka. Uvumba unatajwa mbele kidogo, katika aya ya 34, na una ubani, mdalasini hamna.

Niandikie umepata magome ya aina gani. Yakiwa yale manene, kabla ya kutwanga kwangua ngozi ya nje ikiwa bado ipo.

Wako akupendaye,
Mwanaidi