Barua kwa fundi: ile Shift na PageUp ndo basi tena

Fundi wangu,

Salama lakini? Sisi huku wazima, joto tu la Dar ndo linatumaliza. Meseji zako nimezipata zote, za ile konsoli ya Linux (skrini ya maandishi matupu) isiyokuruhusu kurudi juu kwa Shift na PageUp kusoma error iliyokupita, na nikaona nikianza kukujibu kipande kipande kwa simu tutachanganyana, bora nikuandikie barua moja uisome ukiwa umetulia mbele ya hiyo mashine.

Yaani nimecheka pale uliposema umeweka fbcon=scrollback:1024k, ile oda ya kuongeza historia ya konsoli, kwenye grub (programu inayoiwasha mashine), ukafanya update-grub, ukawasha upya, halafu ukabonyeza Shift na PageUp kama mtu anagonga mlango wa mwenye nyumba aliyehama. Hujakosea kuandika bana. Kitu chenyewe hakipo tena. Hebu fanya hivi, ingia kwenye hiyo seva uandike

sudo dmesg | grep -i scrollback

utakuta kerneli, yaani kiini cha Linux, imekuandikia "Ignoring scrollback size option", maana yake nimeiona hiyo oda yako na siifanyii kazi. Imekujibu kabisa, ila jibu lenyewe limepita haraka pamoja na mamia ya mistari mingine ya kuwaka, na mtu asiyeweza kurudi juu ataonaje?

Ilivyokuwa zamani ni hivi. Kwenye skrini ya maandishi matupu ya VGA, mfumo wa zamani wa skrini za PC, ile ya herufi 80 kwa mistari 25, kila herufi inakula baiti 2, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi, kwa hiyo skrini nzima ni baiti 4000. Kadi ya skrini ilikuwa inatoa dirisha la KB 32 kwa ajili ya maandishi, sasa gawanya mwenyewe, unapata skrini kama nane hivi, ndo ikawa historia yako ya bure, unapanda juu kidogo unasoma ulichokosa. Baadaye wakaongeza historia inayokaa kwenye RAM ya kawaida badala ya memori ya kadi, upande wa VGA ukubwa unauchagua wakati wa kukompaili kerneli, na upande wa framebuffer, hii konsoli ya kisasa yenye herufi ndogo nzuri, unauchagua kwa hiyo hiyo fbcon=scrollback uliyoikuta kwenye mwongozo wako. Usipoweka kitu unapewa KB 32.

Na hapo ndo palikuwa na kichekesho, maana KB 32 kwenye monita ya 1920 kwa 1080 na fonti ya 8 kwa 16 unakuwa na herufi 240 kwa mstari, yaani baiti 480, kwa hiyo historia yako yote ni mistari 68. Skrini yenyewe ina mistari 67! Unapanda ukurasa mmoja umemaliza dunia. Ndo maana miongozo yote ya zamani inakwambia ongeza, ongeza, weka 1024k, na wakati ule walikuwa sahihi kabisa. Ila hata wakati ule ukihama tu kutoka konsoli moja kwenda nyingine kwa Alt na F2 historia inafutika, watu wamesahau hilo wanaisifia kama ilikuwa ya dhahabu.

Sasa Septemba 2020 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, akaifyeka. Zilikuwa zimegundulika kasoro za usalama kwenye hiyo kodi, ya upande wa framebuffer ilipewa namba CVE-2020-14390 kwenye orodha ya kasoro za usalama, kwamba ukibadilisha ukubwa wa skrini kwa namna fulani kerneli inaandika nje ya eneo lake la memori, na hakukuwa na mtu aliyekuwa tayari kukaa na vile vijikona vyake vyote kuvirekebisha. Hoja yake ni kwamba kitu hiki kilikuwa na maana miaka ile watu wakifanya kazi kutwa nzima kwenye konsoli, siku hizi siyo hivyo, kwa nini kiendelee kubebwa. Ikaondoka kwenye toleo 5.9, na marekebisho yakapelekwa mpaka kwenye matoleo ya zamani yaliyokuwa bado yanatunzwa, ndo maana wengine walifanya apdeti ya kawaida tu wakaamka asubuhi PageUp imekufa. Debian 11 ilikuja na kerneli 5.10, Ubuntu 22.04 na 5.15, kwa hiyo chochote utakachoinstoli leo kimeshatoka hivyo.

Mimi nikikwambia ukweli naona alikuwa sahihi ila bado ananiuma. Sahihi kwa sababu kodi isiyo na mwenyewe ndani ya kerneli ni hatari kwetu sote, wewe unayeangalia seva ya shule na yule mwenye benki. Inaniuma kwa sababu aliyeumia ni mtu kama wewe hasa, mwenye monita moja, kibodi moja, mashine haina desktop na huna laptop ya pili pembeni. Kama mashine ni kongwe na inawakia kwa BIOS ya zamani unaweza kuweka nomodeset kwenye grub ukabaki na VGA ya maandishi, na zile skrini chache za kwenye memori ya kadi bado zinafanya kazi mpaka leo. Lakini unarudi kwenye mistari 25, usijitese.

Tuje kwenye dawa. Kazi ya kukumbuka mistari usimwachie tena kerneli, mpe tmux, programu inayokaa kati yako na konsoli na kukutunzia mistari iliyopita. Instoli,

sudo apt install tmux

halafu kwenye nyumbani kwako tengeneza faili linaitwa .tmux.conf uweke hivi

set -g history-limit 50000
set -g mouse on

Bila huo mstari wa kwanza unapewa mistari 2000, ambayo kwa apt upgrade ya nguvu inaweza isitoshe. Na hapa sikiliza vizuri maana watu wengi wanakwama hapa hapa: hicho kiwango kinashika kwa madirisha mapya tu. Kama tmux ilikuwa tayari inatembea ukabadilisha faili, lile dirisha ulilomo linabaki na 2000 zake hata ukisoma upya konfigi, inabidi ufungue jipya au uzime tmux yote uanze tena. Usiogope memori pia, haitengi nafasi ya mistari 50000 siku ya kwanza, inakua kadiri unavyoijaza, ila usije ukaweka milioni kumi kwenye mashine ya RAM GB 2 halafu ukafungua madirisha ishirini ukanitafuta.

Kupanda juu unabonyeza Ctrl na b, unaachia, halafu PageUp. Ukishaingia huko PageUp na PageDown zinatembea kawaida, kutafuta neno kwa kurudi nyuma ni Ctrl na r kisha unaandika mfano error, kutoka ni q. Hiyo ya kutafuta peke yake inatosha kukufanya usiililie tena ile ya zamani, maana kule ulikuwa unatafuta kwa macho tu. Ukitaka kuhamisha historia yote kwenye faili unitumie nikusaidie kusoma,

tmux capture-pane -p -S - > kila_kitu.txt

ile alama ya kistari baada ya S ndo inasema anzia mwanzo kabisa wa historia, usiisahau.

Najua utasahau kuifungua, kwa hiyo weka hii chini kabisa ya .bash_profile yako, faili linalosomwa kila ukilogini (kama huna hilo faili tumia .profile, usitengeneze jipya, maana bash ikikuta .bash_profile haisomi tena .profile)

if [ -z "$TMUX" ]; then tmux new -A -s kazi; fi

Ukiingia tu unajikuta ndani. Utaona kwingine wanaweka exec mbele ya tmux, usiweke, siku tmux ikigoma kuwaka utakuwa unatupwa nje kila ukilogini na hapo mashine iko mbele yako lakini huiingii. Na raha yake nyingine, hiyo "kazi" ni chumba kimoja, umekianza kwenye kibodi ya pale shuleni, ukarudi nyumbani ukaingia kutoka mbali kwa ssh kupitia Termux, ile terminali ya Android, kwenye simu unakuta mistari ile ile na historia ile ile. Kitu hicho konsoli ya kerneli haikuwahi kukupa.

Wale vijana wako wanaoingia kwenye seva kwa PuTTY, programu ya ssh, kutoka Windows, hao historia yao iko kwenye PuTTY yenyewe, siyo kwenye seva. Waende Window, waone Lines of scrollback, inakuja na 2000, waongeze, halafu warudi Session wabonyeze Save, la sivyo wakifunga imepotea. Ila wakiwa ndani ya tmux ule mkanda wa pembeni wa PuTTY hautawaonyesha kitu cha maana, kwa sababu tmux inachora skrini nzima yenyewe na PuTTY haijui kilichopita, kwa hiyo watumie gurudumu la mausi, ndo kazi ya ule mstari wa mouse on. Wakitaka kukopi maandishi kwa mausi washikilie Shift wakati wa kuburuta. Hilo watakuuliza tu, nimekujibia mapema.

Sasa ile error iliyokupita kwenye apt upgrade, ambayo ndo ilikufanya uanze safari hii yote. Haijapotea aisee! apt inaandika kila kilichotoka kwenye skrini wakati wa kuinstoli ndani ya /var/log/apt/term.log. Fungua kwa sudo less, bonyeza G kubwa uende mwisho, uanze kupanda. Nilivyokuwa nasoma meseji zako za usiku ule, unabadilisha grub unawasha upya, unabadilisha unawasha upya, nilikuwa natamani kukupigia nikakuta simu yako imezimwa. Mambo ya kerneli na kuwaka yako kwenye journalctl -b, na ya mwasho uliopita ni journalctl -b -1, ila hiyo ya pili inahitaji pawe na folda ya /var/log/journal, kama haipo itengeneze kwa mkdir halafu uwashe upya journald, huduma inayotunza kumbukumbu hizo. Na kitu chochote unachojua kitatoa maandishi mengi kipitishie tee kabla,

sudo apt full-upgrade 2>&1 | tee apdeti.txt

unaona kwenye skrini na unabaki na nakala. Kuna script pia, ukiandika script -a kazi.log inarekodi kila kitu mpaka uandike exit, nzuri sana ukiwa unafanya jambo la hatari, ila faili lake linakuwa na takataka za rangi ndani, lisome kwa less -R.

Kinachobaki bila dawa nyepesi ni mashine ikipiga kernel panic, yaani kerneli yenyewe ikikwama kabisa. Hapo skrini imeganda, tmux imekufa nayo, unaona mistari ya mwisho tu na sababu yenyewe mara nyingi ilishapita juu. Kwa hilo kama mashine ina tundu la serial, ongeza console=tty0 console=ttyS0,115200 kwenye grub, unganisha waya kwenda kompyuta nyingine, ile nyingine ndo inakaa inasoma na kutunza. Huna waya huo najua. Piga picha basi, na kabla ya hapo punguza fonti kwa sudo dpkg-reconfigure console-setup ili ikitokea mistari mingi zaidi iwe imeenea kwenye skrini. Njia ya kimaskini ila inasaidia.

Aisee kitu kimoja nilikuwa nawaza nikiandika hapa, wale wazee wa miaka ya sitini waliokuwa wanatumia Teletype Model 33, mashine inachapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, hawakuwahi kuwa na hili tatizo hata siku moja. Ukitaka kurudi nyuma unaokota karatasi sakafuni. Zilipokuja skrini za vioo kama VT100 ya mwaka 1978, mistari 24, kilichopita juu kimepita. Kwa hiyo tulipoteza historia siku tulipopata kioo, na tangu hapo tunaidai.

Nitumie mistari ya mwisho ya hiyo term.log kama hamsini hivi nione ni paketi gani iliyokwama, nina wasiwasi ni ile ile ya dereva wa kadi lakini sitaki kukuhukumia bila kuona. Na hiyo fbcon itoe kwenye grub, haidhuru ila itakuja kumchanganya atakayekuja baada yako. Msalimie shemeji, mwambie deni la samaki bado nalikumbuka.

Wako,
yule yule wa siku zote

NB: Waambie vijana wapunguze kuandika clear kila dakika. Kwenye terminali nyingi za siku hizi clear inafuta mpaka historia ya juu, siyo skrini tu. Watumie Ctrl na L, au clear -x.