Kutu Kwenye Miundi

Mpendwa daktari na rafiki yangu,

Kipande cha ngozi ulichonitumia kilifika salama ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili, na jana jioni, maabara ilipotulia, nilikaa nacho kwenye hadubini kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu. Nikutangulizie jibu: ni ugonjwa wa Schamberg, ambapo mishipa myembamba ya ngozi huvujisha damu kidogo kidogo. Majibu rasmi utayapata kwa njia ya ofisi. Haya ni ya sisi kwa sisi, kwa kuwa barua yako ilinionyesha kwamba hofu ya mgonjwa imeanza kukuingia na wewe.

Umeniambia kwamba ni mlinzi wa usiku mwenye umri wa miaka 52, anayesimama tangu jioni hadi alfajiri, na kwamba miundi yake yote miwili ina mabaka ya kahawia iliyokoza, yenye vidoadoa vyekundu pembezoni kama pilipili ya unga iliyonyunyizwa. Hayaumi, hayawashi sana, na chembe sahani za damu yake, zile zinazosaidia damu kuganda, ni za kawaida. Kabla hajakufikia alikuwa amepaka dawa ya fangasi kwa miezi minne, kwa maelekezo ya zahanati moja, jambo linalonikera ingawa halinishangazi, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu ule hujificha na mtazamaji akaona weusi tu. Kile kioo ulichokibandika juu ya madoa ndicho kilichofungua njia: wekundu wa mishipa iliyotanuka hufifia ukibanwa, lakini damu iliyokwisha kuvuja nje ya mshipa haina pa kukimbilia, hivyo wekundu wake haufifii.

Sasa nikueleze nilichokiona. Ngozi ya juu imetulia kabisa. Chini yake kidogo tu, kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu, zimezingirwa na limfosaiti, seli nyeupe za kinga, kuta zake zimevimba kiasi, na seli nyekundu za damu zimetapakaa mojamoja katikati ya nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, mahali ambapo hazikupaswa kuwapo. Seli hizo zikifa humezwa na makrofaji, seli zinazosafisha mabaki, na chuma chake hubaki kama chembechembe za manjano ya kahawia ziitwazo hemosiderini. Nilimwomba fundi wetu aitie slaidi ya pili rangi ya Perls, inayoonyesha chuma, na chembechembe zile zote zikageuka buluu. Hiyo ndiyo kutu unayoiona kwa macho kwenye miundi ya mzee wako, na ndiyo maana huchukua miezi mingi, pengine miaka, kufutika.

Kilichonituliza zaidi ni kile ambacho hakikuwapo. Sikuona nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, zilizosambaratika na kuacha vumbi la viini, wala fibrini, protini ya kugandisha damu, iliyojaa kwenye kuta za mishipa. Ningeviona, tungekuwa tunazungumzia vaskulaitisi, yaani uvimbe unaoharibu kuta za mishipa ya damu, na ningekuhimiza upime mkojo na figo leo hii. Vilevile chuma kimekaa juu juu. Katika miguu iliyoharibiwa na vena zilizochoka, mishipa inayorudisha damu moyoni, hushuka chini zaidi, na kapilari hujikusanya katika vishada vyenye kuta nene.

Ugonjwa huu wa Schamberg ulielezwa na daktari wa jina hilo wa Philadelphia mwaka 1901. Una ndugu zake: Majocchi alikuwa ameshaeleza ule wenye umbo la pete mwaka 1896, Gougerot na Blum wakaongeza wa vinundu mwaka 1925, nao Doucas na Kapetanakis wakaleta mwaka 1953 ule unaowasha, ambao ngozi yake ya juu hulowa majimaji kati ya seli. Binafsi naona majina haya yametuchanganya kuliko yalivyotusaidia, kwa sababu chini ya hadubini ndugu hawa hufanana mno. Anayejitofautisha kweli ni likeni aurea: baka lake, mara nyingi moja tu, lina rangi ya dhahabu, na limfosaiti zake hujipanga kama mkanda.

Jambo moja usilipuuze. Mara chache saratani ya limfosaiti iitwayo maikosisi fangoidi hujivika sura hii hii. Katika slaidi yako limfosaiti hazikupanda kwenye ngozi ya juu, wala viini vyake havikupindapinda, kwa hiyo sina shaka kwa sasa. Lakini mabaka yakienea mapajani na kiunoni, kata kipande kingine. Ukate kwenye doa jipya lenye wekundu, kama ulivyofanya safari hii, kwani katikati ya baka kuukuu hubaki kutu peke yake.

Muulize pia dawa anazomeza, hata zile za dukani, kwa kuwa aspirini na parasetamoli zimewahi kuhusishwa na madoa haya. Akiwashwa, mpe steroidi ya kupaka, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa muda mfupi. Wengine hutumia vitamini C pamoja na rutosidi, kemikali itokayo kwenye mimea, nami sina kinyongo nazo. Soksi za kubana miguu zitamfaa akizipata. Na kama unafahamiana na mwajiri wake, mwombe amwekee kiti pale getini.

Nasubiri orodha ya dawa zake.

Wako wa siku zote,
rafiki yako wa maabara